Kabla ya kukata antivoli, uliza kinga ni ya nani

Banalia, Tshopo. Mama mmoja alifika kwa fundi wa kinga asubuhi mapema, kabla bac haijaanza kuvusha watu kwenye mto Aruwimi. Gurudumu la mbele la kinga yake lilizunguka vizuri. La nyuma lilikuwa limefungwa na antivoli ya duara, ile inayokaa juu ya kadri yenyewe na kupitisha chuma chake katikati ya rayo. Kwa hiyo mama alishika gido kwa mkono mmoja, akanyanyua seli kwa mkono mwingine, na hivyo ndivyo alivyotembea tangu walipompa ile kinga siku ya posho. Watoto walimfuata wakicheka. Yeye hakucheka.

Mama huyu alitoka Lubunga, komini ya Kisangani iliyo upande wa kushoto wa mto Kongo. Mwezi wa pili wa mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uligeuka vita pale. Nyumba zilichomwa, watu walivuka mto wakiwa na nguo za mwilini tu. Wengi walibaki Kisangani. Yeye alipanda barabara ya kaskazini, kilomita 128, hadi Banalia kwa wifi yake, pamoja na watoto wanne na sufuria mbili. Analima mihogo kwenye shamba la kuazima na kuipeleka sokoni juu ya kichwa. Kinga ingeokoa shingo yake.

“Fundi, unifungulie hii,” alisema.

Fundi hakugusa chombo chochote. “Mama, hii kinga iko ya nani?”

“Iko yangu, papa. Walinipatia.”

“Karatasi iko wapi?”

“Karatasi gani? Walisoma majina, kila mutu akakamata ya kwake.”

“Basi ikaa kwanza.”

Kijana mmoja aliyekuwa anangojea kujaza upepo akacheka. Akasema yeye anaweza kuivunja kwa jiwe dakika mbili tu, na hataomba hata franka moja. Mama akamtazama kijana, akatazama fundi, kisha akakaa juu ya benchi. Kuna watu wangeenda na yule wa jiwe, na hakuna wa kuwalaumu.

Kwa wasiozijua kinga hizi, ni za mitumba, zinatoka mbali. Kule Ulaya na Japani watu huacha kinga zao kando ya vituo vya treni na hawarudi kuzichukua. Mtu amehama, au amenunua mpya, au amepoteza ufunguo na kuona uvivu. Serikali za miji huzikusanya, huziweka muda fulani zikingoja mwenyewe, kisha huziuza au kuzitoa. Miji ya Japani ilianza kutuma kinga za namna hiyo kwa wahudumu wa afya wa nchi maskini tangu mwisho wa miaka ya 1980. Huko Chicago, Marekani, kuna shirika liitwalo Working Bikes ambalo tangu 1999 linakusanya kinga kuukuu na kuzipakia kwenye kontena kwenda Afrika na Amerika ya Kusini. Kinga iliyookotwa kando ya kituo cha treni mara nyingi inakuja na antivoli yake, na ufunguo umebaki kwenye droo ya mtu asiyejua kama kinga yake sasa iko kwenye ukingo wa Aruwimi. Anayepakia kontena ana haraka. Anayegawa ana haraka zaidi. Shida yote inamshukia wa mwisho, yule asiye na chombo.

Ndugu wa Tanzania wakisikia neno kinga wanaelewa ulinzi, kitu cha kuzuia ubaya. Huku Tshopo kinga ni baiskeli, na hakuna anayecheka. Katika vita vya 1998 hadi 2003, mashua za kutoka Kinshasa zilipokatika na mafuta yakakosekana, Kisangani ilikula kwa sababu ya kinga. Toleka walibeba watu mjini, jina lenyewe ni la Kilingala, maana yake tupite. Wengine walisukuma mawese, mchele na chumvi siku nyingi ndani ya pori, fimbo imefungwa kwenye gido ili kuongoza mzigo. Leo moto zimechukua mjini. Lakini katika vijiji vya Banalia kinga bado inabeba mpunga hadi njia kubwa, inabeba mgonjwa hadi kituo cha afya, inabeba habari. Mwezi wa tisa wa mwaka 2021, ugonjwa wa meningite ulipotangazwa katika zone ya afya ya Banalia, waliodhaniwa kuugua walipita 2 500 na waliokufa walifika karibu 200. Familia za upande wa Panga hazijasahau mwaka ule. Mahali ambapo msaada unafika kwa miguu, kinga iliyofungwa gurudumu si jambo dogo.

Fundi huyu anauliza karatasi kwa sababu ya jambo lililompata mwenyewe, zamani, alipokuwa bado anafanya kazi Kisangani chini ya mwembe. Kijana aliyevaa vizuri alimletea kinga nzuri yenye antivoli ya kamba ya chuma. Alisema ufunguo umeanguka mtoni. Fundi alikata, akapokea franka 500, kijana akapanda, akaenda. Jioni mwenye kinga akatokea na polisi wawili. Alikuwa muuguzi, yule wa kuzunguka na sanduku la chanjo. Kinga haikuonekana tena. Fundi alilala ndani siku mbili, akalipa pesa ambayo hakuwa nayo, lakini hilo si jambo analolitaja kwanza akisimulia. Anataja kwanza kwamba miezi mingi alimwona yule muuguzi anapita mbele ya mwembe kwa miguu, sanduku begani, na kila mara alimsalimia kwa adabu.

Tangu wakati huo ana daftari. Lina mistari ya bluu na jalada limeliwa na mende. Kila antivoli anayoikata inaandikwa humo: tarehe, jina, kijiji, rangi ya kinga, namba ya kadri, nani ameshuhudia. Asiyetaka kuandikwa, fundi anamwambia aende kwa mwingine. Wapo wanaokwenda.

Namba ya kadri wengi hawajui kama ipo. Pindua kinga, seli na gido viguse chini, osha matope chini ya pedalie, pale miguu miwili ya pedali inapokutana. Namba imepigwa ndani ya chuma. Kama rangi imeifunika, sugua chaki au unga wa makala juu yake kisha pangusa kwa kidole, na herufi zitabaki nyeupe au nyeusi ndani ya mikwaruzo. Kwenye kinga nyingine namba iko mbele, chini ya gido, au kwenye bomba la seli. Iandikwe polepole na watu wawili waisome, kwani sifuri na herufi O zimekwisha kugombanisha watu.

Asubuhi ile fundi na mama walipindua kinga, wakasugua chaki, wakapata namba. Kisha fundi akafunga sanduku lake, akaacha wateja wake kwenye benchi, akamsindikiza mama hadi kwa shefu wa lokalite. Ni matembezi ya robo saa. Yule kijana wa jiwe akapiga kelele kwamba fundi amekuwa serikali.

Shefu alikuwa na orodha ya majina, kwani alikuwepo siku ya kugawa. Jina la mama lilikuwa mstari wa nne. Namba ya kinga haikuwepo mbele ya jina lolote. Hilo ndilo kosa, na ni kosa la dakika kumi tu: waliogawa wangesimama na kalamu, wakapindua kila kinga, leo hakuna mama angeulizwa kama ni mwizi. Shefu aliandika karatasi mbili kwa mkono. Jina, kwamba alitoka Lubunga, kwamba kinga ya kijani namba fulani ni zawadi, kwamba ilikuja na antivoli bila ufunguo, na kwamba inafunguliwa mbele yake na mbele ya fundi. Akapiga muhuri. Moja ikabaki kwake, moja akampa mama, naye akaikunja ndani ya sachet ya plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi.

Mtu anaweza kusema ni maneno mengi kwa ajili ya kinga moja. Anayesema hivyo hajapita kwenye bariere akiwa mgeni, na kinga yenye alama ya msumeno. Mwenyeji ataulizwa mara moja, jirani atasema huyu ni mtoto wa fulani, na mambo yamekwisha. Mdeplase hana jirani wa kumsemea. Na watu wakishapiga kelele ya mwizi sokoni, hakuna anayengoja maelezo.

Waliporudi, kazi yenyewe ikaanza, na hapa fundi akawa mtu mwingine, mwenye maneno machache.

Kwanza alichukua tupa ndogo na kuisugua mara tatu juu ya chuma cha antivoli. Tupa iling'ata, ikaacha mstari mweupe. Ni jaribio lisilogharimu kitu. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimepikwa kuwa kigumu, na msumeno wa mkono utamaliza meno yake bure. Ikiuma, msumeno utatosha, hakuna haja ya mashine wala ya kutumia nguvu nyingi.

Pili, hakukata kwenye kinga. Antivoli ya duara imeshikwa kwenye kadri na visi mbili. Alizifungua kwa turnevisi, akalegeza nati za gurudumu la nyuma, akatoa shene, akavuta gurudumu lote nje pamoja na antivoli yake. Kijana wa jiwe, ambaye kwa namna fulani alikuwa bado yupo, akasogea karibu kuona. Antivoli ilibaki imekumbatia pine na jante, lakini sasa iliweza kubanwa ndani ya eto iliyopigiliwa kwenye gogo, na kipande cha mti kikawekwa katikati ili rayo zisiguswe. Hivyo msumeno ukiteleza unakata mti. Ukikata antivoli ikiwa bado kwenye kadri, ukiteleza unakata kadri, na kadri iliyoumwa na msumeno inaweza kuvunjika siku mtu ana mzigo wa kilo 80 nyuma.

Msumeno wa chuma una uso na mgongo. Meno yanatazama mbele, unakata ukisukuma, unapumzika ukivuta. Wengi wanaufunga kinyume na kulaumu msumeno. Meno madogo, yale 32 kwa inchi, ni ya kitu chembamba na ya kamba ya chuma. Yale 18 ni ya chuma kinene. Fundi alitia tone la mafuta ya injini, akasukuma bila haraka, na dakika kama ishirini chuma kikakatika. Alikata mara ya pili pembeni kidogo ili kipande kitoke, kwani mara moja haikutosha kupitisha jante. Mama alikuwa ameshika gurudumu. Alikuwa amefunga kikwembe chake kiunoni kwa nguvu na kuvaa miwani.

Miwani ndiyo sheria ya kwanza pale. Kuna mbili, zimeanza kukwaruzika, zimefunika macho hata upande wa pembeni, na zina maandishi EN 166 kwenye fremu. Fundi alizinunua soko la Kisangani. Miwani ya jua haifai, iko wazi pembeni na kioo chake kinavunjika kuelekea ndani. Fundi mwenyewe haoni kwa jicho la kushoto. Hakuna mashine iliyomfanya hivyo, ni nyundo na tindo. Alikuwa anapiga tindo juu ya kadenasi, na kichwa cha tindo kilikuwa kimekwisha kupanuka kama uyoga kwa sababu ya kupigwa miaka mingi. Ukingo wa uyoga ukavunjika, kipande kama punje ya mchele kikaruka. Siku hiyo aliona kama mdudu ameingia. Akasugua. Jirani akamtia maziwa ya mama anayenyonyesha. Siku ya tatu jicho likavimba, na alipofika hospitali ya Kisangani daktari alimwambia angekuja siku ya kwanza.

Kwa hiyo anawaambia wanafunzi wake hivi, na inafaa kila nyumba ijue. Kitu kikiingia jichoni wakati wa kukata chuma, usisugue. Osha kwa maji safi mengi, polepole, ukifungua na kufumba. Kama bado kinachoma, au unaona kimechoma ndani ya jicho, usikitoe kwa sindano, wala kwa ncha ya kitambaa, wala kwa sumaku. Usitie maziwa, wala maji ya majani, wala mkojo. Funika jicho kwa kitako cha goblet, kisiguse jicho lenyewe, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chuma kinaanza kutoa kutu ndani ya jicho kwa saa chache. Mkono ukikatwa, osha kwa sabuni na uliza kama chanjo ya tetanosi bado ina nguvu. Tindo yenye uyoga, itie kwenye jiwe la kunolea mpaka kichwa kiwe laini, au itupe.

Antivoli ya kamba ya chuma inaonekana dhaifu, ila ndiyo inayochoma mikono zaidi. Ndani kuna nyuzi nyingi, zikikatwa zinachanua kama ufagio. Zungushia skochi au kipande cha shambeli mahali pa kukata, ukaze, kisha kata katikati ya skochi. Koleo kubwa ya mikono mirefu inamaliza kamba na shene nyembamba kwa haraka, lakini kipande kinaruka. Fundi hufunika meno ya koleo kwa kitambaa kizito kabla ya kukaza, na watoto wanatumwa mbali. Anawatuma kwa kelele kila mara, nao wanarudi kila mara.

Ile ya umbo la U, nzito, ambayo tupa inateleza juu yake, inahitaji mashine ya diski. Fundi hana. Yuko sudere mmoja karibu na soko mwenye jenereta, na ndiye anayekata, lakini fundi huenda na mteja wake na daftari lake, na kusimama pale mpaka mwisho. Mashine ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11 000 kwa dakika, na ukingo wa diski unapita kilomita 200 kwa saa. Diski ikivunjika kwa mwendo huo, kipande hakichagui mtu. Kwa hiyo fundi anaangalia mambo ambayo sudere amechoka kuyasikia. Namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine. Duara la chuma katikati ya diski lina mwezi na mwaka, na tarehe ikipita, diski itupwe, hata kama ni mpya machoni, kwani gundi yake inazeeka, na unyevu wa pori hili unaizeesha zaidi. Kifuniko cha mashine kisitolewe, ingawa wote wanakitoa ili waone vizuri. Kikwembe, skafu, mkono mrefu wa shati, vyote vifungwe. Pine ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, cheche zisiitoboe.

Antivoli ya U hukatwa pande mbili. Ukikata upande mmoja, nyingine nyingi bado zinashika upande wa pili. Na katikati ya kukata, chuma kinaweza kujifunga juu ya diski na kuirusha mashine kuelekea kifuani. Mtu asimame pembeni ya mstari wa diski, mguu mmoja mbele, mashine kwa mikono miwili.

Na kuna kadhafi. Kila msikilizaji wa barabara hii anawajua, vijana wenye meza ndogo na chupa za petroli zikimetameta juani. Mmoja ameweka meza yake hatua kumi tu kutoka kwa sudere, kwa sababu sudere ndiye mteja wake wa kwanza asubuhi kwa ajili ya jenereta. Biashara inaeleweka. Cheche za diski zinaruka mita kadhaa na hazijali biashara. Fundi alikataa kabisa kukata kitu pale mpaka chupa zihamishwe nyuma ya nyumba na ndoo ya mchanga iwekwe. Waligombana. Kadhafi alimwita mzee mwenye jicho moja. Fundi akajibu kwamba ndiyo, na alilobaki nalo analihitaji. Chupa zikahamishwa. Zimerudi tangu hapo, mara mbili, na mara mbili zimehamishwa tena.

Lipo jambo moja linalofanywa kijijini ambalo fundi halivumilii hata kidogo: kuweka antivoli juu ya makala ya moto mpaka chuma kilainike. Plastiki inaungua na moshi wake unaingia kifuani, pine inapasuka, rangi ya kadri inachubuka, na chuma cha kadri kinapoteza nguvu pale moto ulipopita. Mtu anaokoa gharama ya fundi na kupoteza kinga.

Gurudumu la mama likarudishwa mahali pake saa nne. Rayo mbili zilikuwa zimepinda tangu safarini, fundi akazinyoosha. Alipoulizwa bei alisema 1 500 ya msumeno na 500 ya rayo. Mama akatoa 1 000, akasema nyingine ataleta mihogo ikiuzwa. Fundi akaandika na hilo kwenye daftari, mstari wake peke yake, wino uleule.

Kisha mama akaomba kitu ambacho fundi hakukitegemea. Aliomba vipande vya antivoli.

“Vya nini, mama? Ni chuma bure.”

“Wakiniuliza kwa bariere, niwaonyeshe karatasi na hii pamoja. Waone ilikatwa wapi.”

Fundi alifikiri kidogo. Akavifunga kwa waya, akavipa mama, na tangu siku hiyo anawapa wote.

Kwenye benchi alibaki mtoto wa mama huyo, wa miaka kama tisa, na kinga ya jirani yao ambayo karatasi yake shefu alikuwa tayari ameiandika. Hiyo ilikuwa na antivoli ya namba, magurudumu matatu madogo ya kuzungusha. Kwa hizo fundi hana msumeno wala tupa, ana mtoto tu mwenye subira. Namba ni kuanzia 000 hadi 999, elfu moja basi, na mtu akijaribu moja kila sekunde mbili, akivuta kidogo kila mara, zote zinakwisha chini ya dakika arobaini. Zenye namba nne ni elfu kumi, hizo ni kazi ya siku mbili na watoto wawili. Mtoto alikuwa ameanza walipokwenda kwa shefu. Alipofika 300 alikwenda kunywa maji, akasahau alipoishia, akarudi 250 ili awe na hakika.

Mama alisukuma kinga yake hadi mteremko wa mto, akageuka kumwita. Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye 618, midomo yake inahesabu, na kijana wa jiwe amechuchumaa karibu naye anavuta kamba kila mara anapoambiwa.